Neno Nililopewa Bomani

Mwanangu Yotamu,

Hali yako sikuulizi, maana nimekuona leo asubuhi kwa macho yangu, mzima kabisa, ukichanja kuni. Rundo limefika dirishani. Wewe ambaye mama yako hukuita kwa ajili ya kuni mpaka sauti inamkauka, leo Jumapili, kabla ya kanisa, unachanja kuni ambazo hakuna aliyekuagiza. Nikajua ni kesho. Watu wanaotaka kuondoka kwa siri wote wanafanana. Mimi nilipotoroka kwa babu yako, jana yake nilimwezekea banda la mbuzi, kazi aliyokuwa ameniomba mpaka akachoka kuniomba. Alipoliona lile paa jipya alipaswa kujua. Pengine alijua.

Na hata kama kuni zisingenitosha, yupo Jakobo wa Nakonde, yule mwenye lori la samaki wakavu. Juzi amesimamisha lori lake barabarani, akanijia shambani na kofia mkononi, na ile mukwai yao ya heshima.

"Mzee, mukwai, kijana wako nimchukue hapa njia panda, au atatembea mpaka Mpemba anisubiri huko?"

"Kijana yupi?"

"Yotamu, mukwai. Si ameniambia Jumatatu alfajiri."

Nilikuwa nimeinama kwenye mche wa kahawa. Sikuinuka haraka, nisije nikamwonyesha uso wangu.

"Ah, Yotamu," nikasema. "Njia panda panatosha."

Hebu fikiri. Safari ya mwanangu wa kumzaa naipata kwa muuza samaki, tena nampangia na mahali pa kumpandishia. Akaniaga vizuri, akaenda. Hata Jakobo anajua kuaga.

Nimewaambia watu mguu unauma, nikabaki nyumbani nyote mlipokwenda kanisani, nipate kuandika. Kalamu hii ni mbaya na wino wako umeuacha wazi umekuwa mzito, lakini mwandiko wangu unauona mwenyewe. Mimi herufi nilizipata nikiwa mtu mzima, kwa mwinjilisti, nikikaa kwenye mchanga pamoja na watoto wadogo, na niliwapita wote. Naandika kwa sababu kwa mdomo hatuwezi. Tangu tulipogombana, nikisema "njoo ule" wewe unasikia "usiende", na wewe ukisema "ndiyo, Baba" mimi nasikia "nitakwenda tu". Mambo ya blanketi, unga na karanga sitayagusa. Mama yako anakaanga karanga tangu Alhamisi na anadhani mimi sina pua.

Sasa nisikilize. Mimi nilikataa usiende shimoni huko Rhodesia. Nilikataa mbele ya mama yako na mbele ya shangazi yako, na leo hii nasema bado ni upumbavu, mtu mwenye miche ya kahawa iliyoshika ardhini kwenda kuchimba chini ya ardhi ya wenzake. Lakini nilichokataa ni kwenda. Sikukataa kuaga. Hayo ni mambo mawili, na wewe uliyesoma hukuyaona kuwa ni mawili. Mtoto anaweza kumwambia baba yake, "Baba, umekataa, nimesikia, nami naondoka." Ningepiga kelele, ndiyo. Ningetupa kitu, labda lile beseni. Halafu ningekaa. Hukunipa hata nafasi ya kutupa beseni.

Najua utasema nimeanza hadithi ya dhahabu. Siku ile tulipogombana ulisema mpaka kuku wa hapa wanaijua. Kisha ukasema neno langu la Kizungu nalitumia vibaya, kwamba mwalimu wako amesema abskondi ni neno la wahalifu na la mahakamani, haliwi neno la mbuzi aliyekata kamba. Mwalimu wako alilipata darasani. Mimi nilisomewa nikiwa nimesimama, askari kulia, askari kushoto. Na kipande kimoja cha hadithi hii hujawahi kukisikia, wala wewe wala kuku, kwa sababu si kipande kinachonipendeza.

Unajua kwamba nilikwenda Lupa nikiwa kijana, wakati watu wote walikuwa wakienda kuosha mchanga wa mtoni wakitafuta dhahabu. Nikaandikishwa kwa Mzungu tuliyemwita Bwana Kijiko, kwa kuwa alikuwa akikoroga mchanga kwa kijiko cha chai kama anayetafuta sukari iliyozama. Kazi niliifanya kuliko wote, mnyapara mwenyewe alisema. Mvua zilipoanza nikanusa udongo, nikakumbuka nyumbani, na kipande changu, ile kadi ya siku za mkataba, kilikuwa hakijaisha. Ningemwomba Bwana Kijiko ruhusa angekataa. Kwa hiyo sikumwomba. Unaona, na mimi nilifikiri kama unavyofikiri wewe. Nikaondoka kambini kabla jua halijatoka, nikatembea, na nilipofika kuvuka mto Songwe askari walikuwa wamekaa kwenye kivuko wakila mahindi ya kuchoma. Wakanipa hindi moja, kisha wakanifunga.

Bomani, Bwana Shauri, yule Mzungu wa kuamua kesi, alisoma karatasi, akafika kwenye neno lile akalitamka kama mtu anayevunja kijiti: abskondi. Mkalimani alikuwa kijana wa Kinyakyusa, mwenye soksi ndefu. Akaniambia, "Unashtakiwa kwamba umetoroka."

"Sikutoroka. Nilikwenda kulima."

"Bwana anauliza, ulimwambia nani kwamba unakwenda kulima?"

"Nilimwambia Mungu."

Watu nyuma wakacheka. Bwana Shauri akauliza wanacheka nini, na mkalimani akamjibu kwamba wana mafua.

Nilifungwa, nikawekwa kufyeka nyasi za boma. Hilo unalijua, na unajua kwamba hakuna aliyefyeka kama mimi. Yule mkalimani alikuwa akija kuvuta sigara karibu na ninapofyeka, nami neno lile lilikuwa linanikera. Kulala kifungoni kwa ajili ya neno usilolijua ni sawa na kuumwa na kitu gizani. Nikamwomba anifafanulie.

"Ni kuondoka kwa siri," akasema, "mahali ambapo yupo mtu mwenye haki ya kuambiwa."

"Na kama hayupo mwenye haki?"

"Basi hapo umeondoka tu. Kama ndege."

"Mke akimkimbia mumewe?"

"Wana neno lingine."

"Msichana akitoroka na mvulana?"

"Hilo nalo wana neno lake. Zuri kidogo."

"Karani akikimbia na sanduku la Serikali?"

"Ah, huyo neno hili limemkaa kama kofia."

"Mbuzi?"

Akanitazama sana. "Mzee," akaniambia, na mimi nilikuwa bado kijana, "mbuzi hana wa kumwambia."

Hapo nilibishana naye, na bado nabishana, maana mbuzi wangu wananijua vizuri sana. Lakini hilo tuliache.

Kipande usichokijua ndicho hiki. Nilipotoka kifungoni nilirudishwa kwa Bwana Kijiko kumaliza kazi. Nikamaliza. Siku chache kabla ya kulipwa, asubuhi moja tunakwenda hemani kwake, hema limesimama, kikombe cha chai kiko mezani na sisimizi wameshaingia, mwenyewe hayupo. Gari nalo halipo. Mpishi wake analia, maana hata yeye hakuambiwa. Tukasikia baadaye kwamba alivuka kwenda Rhodesia kwa njia hii hii ya Tunduma, na huenda alipita hapa karibu babu yako akimtazama.

Mimi nikafurahi. Kweli nilifurahi, Yotamu, kuliko ningelipwa. Nikaenda mpaka bomani, nikamtafuta mkalimani, nikamwambia mbele ya watu, kwa sauti, "Bwana Kijiko amefanya abskondi. Kamfungeni."

Akanivuta pembeni kwa shati.

"Punguza sauti. Bwana amesafiri."

"Alimuaga nani?"

"Amuage nani?"

"Sisi. Mpishi. Mnyapara."

Hakunicheka. Ningependa angenicheka. Alisema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba ana jeraha mgongoni, "Ndugu yangu, ninyi si watu wa kuagwa."

Basi. Nimekuwa nikilisema neno lile kwa majivuno miaka yote hii, nimelitumia kwa mbuzi, kwa nyuki waliohama mzinga, kwa kaka yako mkubwa alipokwepa kupalilia, na sijawahi kumsimulia mtu jibu lile. Kifungo hakikunivunja. Jibu lile lilikuwa kama mtu kakuvua nguo. Mimi nilipoondoka bila kusema nilifungwa, kwa sababu Bwana Kijiko alikuwa mtu wa kuambiwa. Yeye alipoondoka bila kusema alikuwa amesafiri, kwa sababu sisi tulikuwa kama miti iliyozunguka hema.

Sasa kesho, mwanangu, wewe utafanya lipi? Nimekaa na swali hili tangu Jakobo aondoke shambani. Kama mimi ni mtu wa kuagwa, basi utakuwa umetoroka, na tutajuana huko mbele kama baba na mtoto aliyekosa. Hilo naliweza. Lakini kama umepita hapa mlangoni alfajiri ukaona kwamba hakuna mtu wa kuambiwa, ni mti tu umelala ndani unakoroma, basi wewe umesafiri. Na mimi nitabaki hapa sijui ni lipi, na sina mkalimani wa kumuuliza.

Nilipotoka bomani siku ile ndipo nilimkumbuka babu yako. Nilikuwa sijamkumbuka hivyo tangu nilipomwacha na banda lake jipya. Nikaamua kurudi.

Nilirudi vizuri, hilo usilisahau. Nilifanya kazi kwa Mhindi mmoja mpaka nikapata baiskeli, koti na kofia. Nilipanda mlima wa Mbozi nikiisukuma ile baiskeli, na watu wa njiani wananisalimu kama karani. Nikaingia uani. Babu yako alikuwa amekaa akisuka kihenge cha mahindi. Nikasimama mbele yake. Akanitazama kuanzia kofia mpaka miguu, akasema:

"Umefunga mbuzi?"

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikasema, "Baba, ni mimi. Nimerudi."

"Nakuona. Sogeza hicho chuma, kinaziba njia ya kuku."

Ndiyo yote. Hakunipa kigoda, hakuna maji, hakuniambia pole. Jioni tulikula kama tulivyokuwa tukila, akaniuliza kama shamba la bondeni nimelitazama. Bibi yako alinivutia jikoni, akanilisha, akalia kidogo, kisha akanieleza lile ambalo mtoto yeyote wa Ihanda analijua nami nilijifanya nimelisahau. Kwetu msafiri hupokewa na yule aliyemuaga. Yule uliyemwambia "naondoka" ndiye anayekukalisha, anayekupa maji, ndiye anayeuliza habari za huko, na wengine wote wanasikiliza kutoka kwake. Wewe hukumuaga mtu, akaniambia, nani akupokee?

"Nitamwomba msamaha," nikasema.

"Atakuuliza wa kosa gani. Yeye hajui kama uliondoka."

Unaujua ukaidi wangu. Basi ujue ulikotoka. Mimi nikaona nitamshinda kwa akili. Nikaenda mbele ya babu yako, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamwomba ruhusa niende Ikinga kumsalimu mjomba. Akanipa, vizuri kabisa. Nikaenda Ikinga sina shida yoyote na Ikinga. Nikalala, nikarudi. Na kweli, alinipokea kama mfalme. Kigoda, maji, kuku. Akavuta tumbaku yake, akakaa sawa, akasema, "Haya, mwanangu, habari za huko." Nyumba nzima ikasogea karibu.

Nikamweleza za mjomba. Nikamweleza za mvua ya Ikinga. Nikaona sasa amekolea, nikaingiza maneno yangu.

"Mto wao, Baba, umenikumbusha mto mmoja ambao watu wanaosha mchanga wakipata dhahabu."

"Mto huo uko Ikinga?"

"Hapana, Baba."

"Basi tumalize kwanza Ikinga."

Hatukumaliza. Kila mwaka nilikuwa na safari, nikaaga, nikarudi, akanipokea, akaniuliza. Alijua bei ya chumvi ya Tunduma, alijua ugomvi wa Wanamwanga juu ya shamba lao, alijua majina ya watoto wote wa shangazi yangu wa Ileje. Dhahabu hakuiuliza mpaka anazikwa. Wala Bwana Kijiko, wala boma. Nilikuwa na habari kubwa kuliko za kijana yeyote wa hapa, na mtu niliyetaka azisikie aliishi nami ukuta kwa ukuta na hakuziuliza. Ndiyo maana nawasimulia ninyi, na wapita njia, na wauza samaki. Wewe unadhani najisifu. Sawa, najisifu. Lakini mtu mwenye mzigo kichwani ambaye hakuna wa kumtua, atazunguka nao.

Na mimi, Yotamu, ni mtoto wa yule mzee. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko wewe, kuliko Jakobo na karanga za mama yako. Najijua. Utarudi siku moja kutoka Kitwe au Ndola, una viatu vya ngozi na sanduku la bati, umeona mambo ambayo sisi hatujayaota, mtambo unaoshusha watu chini kama ndoo kisimani, sijui nini na nini. Utasimama hapo uani. Na kama hukuniaga, nasikia kabisa kinywa changu kitakavyosema. Kitakuuliza habari za mbuzi. Nitakuwa natamani kujua kila kitu, na nitakuuliza habari za mbuzi. Hutanishinda, kwa kuwa mimi sikumshinda babu yako, na mimi ni mkaidi kuliko wewe. Tutakaa hivyo mpaka mmoja wetu azikwe, na kwa umri huyo ni mimi.

Usinifanyie hivyo. Usinifanye niwe yeye.

Shangazi yako wa Nakonde naye atakuuliza swali moja kabla hajakupa maji, nalo unalijua: ni nani uliyemuaga. Ukimdanganya atajua, maana yule ni dada yangu, na uongo tumejifunza katika nyumba moja. Mbele ya hapo sina la kukufundisha. Sijui shimo, sijui mji wao, wala Kiingereza zaidi ya neno lile moja na "yes, Bwana". Mwenye kazi huko akikubana mpaka ukaona huwezi kukaa, mimi siwezi kukuambia usiondoke. Mimi niliondoka. Sheria yao ilinifunga na bado siioni kuwa na haki, na kama mvua ile ingenyesha tena, nisingekaa. Wao hawakuniona mtu wa kuagwa, nami labda sikuwa na deni la kuwaaga. Hilo utapima mwenyewe ukiwa pale. Lakini usiwachanganye. Mtu ambaye amekaa akitega sikio asikie nyayo zako, huyo usimwondokee kama unavyomwondokea mwenye kambi.

Miche yako nitaitazama. Nitakuwa nalalamika kila nikiimwagilia, na majirani watasikia.

Watu wametoka kanisani, nasikia sauti zao barabarani. Mama yako ameingia, ameona karatasi, ameona wino kwenye ndevu zangu, hajauliza. Barua hii nitaiweka juu ya mzigo wako, ule ulio nyuma ya debe la mahindi, ambao nyote wawili mnaniona kipofu kwa ajili yake.

Alfajiri nitakuwa nje, kwenye kigogo, nimevaa koti. Mzee anaweza kukaa nje akipenda, hiyo si kusema nakusubiri. Wewe pita mbele, usipite nyuma kwenye migomba. Simama na useme, "Baba, naondoka." Usieleze, usiombe, usinitajie mshahara. Mimi nami sitakuuliza kitu wala sitakukataza. Kuna neno moja tu la baba, nami nitalisema. Ugomvi wetu ubaki pale pale ulipo, tutauendeleza ukirudi.

Nimemwita mama yako sasa hivi nipate kulijaribu neno hilo mbele yake. Nikasema, "Nenda." Akasema hivyo ndivyo ninavyofukuza mbwa jikoni. Nikasema tena. Akasema hapo nimekuwa kama Bwana Shauri. Tumerudia mpaka ugali umeungua. Mara ya mwisho alikaa tu akashika upawa, akageukia ukutani, kwa hiyo nadhani sasa limekaa sawa.

Ni mimi baba yako,
wa Ihanda